Nilibisha Hodi, Ndiyo Nikazidi Kufungiwa

Mnaosifia utulivu, mimi utulivu uliwahi kuniweka ndani. Msicheke, nilifungiwa kabisa.

Nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Wifi yangu akaniona nimechoka, akasema, "Wifi, nenda kapunge upepo kisiwani. Mtoto niachie, maziwa si umekamua?"

Kisiwa chenyewe kidogo, katikati ya ziwa. Kanisa la mawe la zamani, masista wachache, basi. Simu unaacha getini, na kuongea marufuku.

Nyuma ya kanisa kuna vyumba vya kusalia. Kimbelembele changu, nikaingia kimoja, nikarudishia mlango.

Komeo la nje likadondoka. Ka!

Nikasukuma. Wapi! Dirisha lenyewe tundu la kupitisha mkono.

Nikabisha hodi. Viatu vikaja, vikasimama mlangoni, kisha vikaondoka taratibu.

Heh!

Nikapiga ngumi. Vikaja, vikaondoka tena.

Maziwa yakaanza kulowesha blauzi. Mara boti ya mwisho ikapiga honi. Mwanangu jamani! Nikagonga mpaka ngozi ikachubuka. Nikatukana pia, Mungu anisamehe.

Mwisho nguvu zikaisha. Nikakaa chini nalia bila sauti.

Haukupita muda, mlango ukafunguliwa. Sista mzee, anahema kwa kukimbia.

"Uko salama, mwanangu?"

"Sista, si nimebisha mchana kutwa!"

"Tulisikia, tukafurahi. Humu anayesali hugonga, tujue yu mzima. Akinyamaza ndipo tunakimbia."

"Na zile kelele?"

"Ukuta mnene, tunasikia sauti tu, maneno hatuyapati. Tukadhani unamkemea shetani."

Nilitamani kumrukia. Wakanivusha kwa mashua yao.

Nyumbani, wifi kanipokea kwa tabasamu. "Wifi, una mtoto mpole wewe! Tangu mchana hajalia hata kidogo. Kalala tu, kimya."

Kimya?

Maneno ya sista yakanirudia. Nikakimbilia kitandani. Mwanangu anawaka moto, amelegea, hata ziwa hataki. Tukatoka mbio hadi hospitali, wifi analia kuliko mimi.

Daktari alisema tungesubiri asubuhi, tungekuwa tunaongea mengine.

Leo anatembea, anavunja vyombo, anapiga kelele nyumba nzima. Jirani ananiuliza, "Mama, huwezi kumnyamazisha huyo?"

Siwezi. Na sitaki.

Ndugu zangu, anayepiga kelele bado ana nguvu. Mkimbilieni aliyenyamaza.