Mwalimu Akataa Uprofesa

Mpangaji wangu hapa Woolwich alikuwa mama wa Kijerumani, mwanatheolojia aliyewahi kufundisha miaka mingi katika chuo cha wachungaji kusini mwa Tanzania. Kiswahili chake kilikishinda cha wanangu waliozaliwa London. Nilimwita Mwalimu.

Mwaka juzi chuo kikuu kimoja cha kwao kilimwandikia barua pepe, kikimwomba akawe profesa. Badala ya kufurahi, akakosa raha. Alikwisha kuizoea Woolwich, kwaya ya kanisani kwetu na ndizi mbichi za sokoni. Kila jibu aliloandika alilifuta.

"Nikikataa kwa Kijerumani, nasikika kama ninayefukuza mbwa," alilalamika jikoni, mimi nikimenya viazi.

"Basi kataa kwa Kiswahili," nikamwambia. "Sisi hatumpi mtu hapana kavukavu."

Akachangamka. Tukatunga pamoja, yeye akigeuza kwa Kijerumani. Tukaanza na salamu: hawajambo wote, na familia zao je? Tukashukuru kwa heshima hiyo kubwa. Tukasema jambo lenyewe ni zito, tena ni jema, na Mungu akipenda siku moja tutaonana. Mtu yeyote wa kwetu angejua hapo kwamba mgeni haji.

Jibu lilifika kesho yake. Mwalimu alisoma, akaketi, akasoma tena.

"Wanasemaje?"

"Wananipongeza kwa kukubali. Wanauliza kama nataka ofisi ya upande wa bustani au ya barabarani."

Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka. Yeye hakucheka.

"Waandikie sasa hivi kwamba hawakukuelewa," nikasema.

Hakuandika. Alizunguka jikoni, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu.

"Unajua, dada," akasema polepole, "nilipoliona neno hongera, moyo uliruka."

"Kwa hofu?"

"Kwa furaha. Naona haya hata kukwambia."

"Haya ya nini? Chagua bustani!"

Akachagua barabarani. Bustani, alisema, ingemtia usingizi.

Aliondoka mwisho wa kiangazi, masanduku yake yamejaa vitabu na vitenge. Siku hizi hunipigia simu Jumapili. Analalamika kwamba wanafunzi wanaingia darasani bila hata shikamoo.

"Umewafundisha?"

"Nimeanza," akasema. "Ila mkuu wa idara naye kaidaka. Ananiamkia mimi, na ananizidi umri!"