Serikali Ilipoketi kwa Halima Aden

Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1966. Ukungu asubuhi, jua kuanzia saa nne, upepo wa baridi jioni.

Siku hiyo Halima Aden, mjane mwenye hoteli ya chai karibu na msikiti wa Eldoret, aliwakataza wateja wake kuzungumza Kisomali. Vita vya mashifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vikiendelea kaskazini, na Wasomali wa mjini walikuwa wakisikilizwa na serikali. Aliyepewa hoteli ya Halima aisikilize alikuwa Kituyi, askari kanzu, polisi asiyevaa sare. Mji mzima ulimjua. Jumamosi alitumwa kwenye mikutano ya Wakikuyu waliokuwa wakichanga wanunue shamba upande wa Moiben. Kisomali hakukijua, na Kikikuyu pia hakukijua.

Leseni ya hoteli ilikuwa iishe Desemba. Halima alikuwa ameambiwa ofisini kwamba mahali watu wanapoficha maneno hapatapewa nyingine. Basi akaamuru Kiswahili, akaona jambo limekwisha: Kituyi atasikia mwenyewe kwamba hakuna la kusikia.

Shida ni kwamba wazee sita wa meza ya dirishani walikuwa na Kiswahili cha kuuzia ng'ombe tu. Walipokwisha kuulizana bei, wakanyamaza. Wiki nzima wakanywa chai kimya.

"Mama, umeniharibia kazi," Kituyi akamwambia. "Nimeandika wamenyamaza. Mkubwa wangu anauliza wananyamazia nini."

"Si uandike wamechoka."

"Wazee sita, wote, wiki nzima?"

Ikabidi Kisomali kirudi, na Halima akae na Kituyi amtafsirie. Alitafsiri kila neno, kwa kuwa leseni ile ndiyo iliyolisha watoto wake. Kituyi akasikia habari za ndama anayeharisha na za goti la Mzee Ahmed, mmoja wa wale sita. Siku ya tatu alimuuliza mzee mwenyewe goti linaendeleaje.

Alhamisi Mzee Ahmed aliketi na Ibrahim, mwenye malori, kujadili mahari. Mpwa wa Ibrahim alitaka kumwoa binti wa mzee, na mzee alitaja ng'ombe thelathini. Halima akatafsiri.

"Thelathini ni wengi," Kituyi akasema, akipuliza chai.

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Kiswahili cha ng'ombe wazee walikijua.

"Serikali imesema ni wengi?" Ibrahim akauliza.

"Mimi nasema tu."

"Wewe ni nani kama si serikali? Mzee, umesikia. Ishirini."

Mzee Ahmed alimgeukia Halima. "Binti yangu umempeleka ofisini," akasema, akachukua fimbo yake. Wenzake wakainuka naye, wakavuka barabara hadi hoteli ya upande wa pili. Kituyi akamaliza chai, akaomba radhi, akawafuata, kwani kazi yake ilikuwa pale walipo wao. Mlangoni alimwambia Halima asiwe na wasiwasi, leseni itapita. Safari hii alikuwa ameandika kwamba wamezungumza.

Halima akabaki na birika limejaa na meza tupu. Leseni angeipata, ila ya kumuuzia nani chai, hakujua. Kumkanusha Kituyi mbele ya watu kungeweza kuiua leseni hiyohiyo. Kunyamaza kungempa Ibrahim ng'ombe kumi wa mzee.

Asubuhi iliyofuata aliosha vikombe, akajifunga shuka, akavuka barabara. Wazee walikuwa wameketi na Ibrahim, Kituyi yuko kwenye kona. Halima akasimama katikati, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili mtu asikose kuelewa:

"Serikali haikusema kitu juu ya ng'ombe. Aliyesema ni Kituyi, na Kituyi hajaoa."

Ibrahim akamtazama Kituyi.

"Ni kweli, sijaoa," Kituyi akasema, akaandika.

Mzee Ahmed aliendelea kunywa chai yake. Halima hakumngoja. Alirudi kwake, akawasha moto, akapika chai ya watu saba.