Wote Tarehe Moja Januari

Hospitali yetu ndogo ya Nakivale, makazi ya wakimbizi, ilikuwa na wodi mbili, tangi la maji lililovuja na karani mmoja, yaani mimi, mwalimu wa zamani kutoka Kivu Kusini. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu wagonjwa kwa kalamu na kupeleka hesabu wilayani. Kisha wakubwa wakagundua kwamba kuhesabu wagonjwa ni kazi nzito mno kuachiwa watu wanaowaona wagonjwa. Wakaikabidhi kwa kampuni moja ya mtaa wa Ruti, kule mjini Mbarara, ambayo haikuwahi kumwona mgonjwa wetu hata mmoja. Hapo ndipo mambo yakawa ya kitaalamu.

Tangu siku hiyo nilinakili tu daftari la wodi kwenye karatasi zao na kuzipakia kwenye gari la hospitali. Ruti waliziingiza kwenye kompyuta, wakatoa michoro ya rangi, na wilaya ikapata kitu cha kubandika ukutani. Michoro ilikuwa mizuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Ule wa uzazi ulikuwa wa kijani kibichi, na kila mwezi ulizidi kuwa mfupi.

Wodi ya uzazi nayo ilizidi kujaa. Wanawake walilala wawili kitanda kimoja, na wa tatu alikaa kwenye mkeka akiwaombea wenzake wajifungue upesi. Mkunga tulikuwa naye mmoja, mwanamke mwenyeji, wa Masha, aliyeolewa na askari. Kiswahili alikuwa amekiokota kwenye kambi ya jeshi Mbarara, kwa hiyo hata akikupa pole, ulihisi umeamriwa.

Siku moja ikaja barua ya wilaya. Kwa kuwa wanaojifungua kwetu ni wachache, mkunga angehamishiwa penye kazi, na wajawazito wetu wangekwenda kujifungulia Mbarara. Barua haikusema wangefikaje huko wakati wa mvua, gari letu linapolala matopeni.

"Wachache?" mkunga aliniuliza, glavu bado mikononi. "Mwalimu, hii watoto mimi nazalisha kila siku ni ya paka?"

Tukapanda gari lililopeleka karatasi hadi Ruti. Ofisi ilikuwa ghorofani, yenye zulia ambalo hulikanyagi ukiwa na viatu. Kijana mwenye tai alitupokea vizuri sana, akatupa maji ya chupa, akasikiliza shida yetu.

"Data yenu ilikuwa chafu, nyabo," alimwambia mkunga kwa upole, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwa heshima huku. "Tuliisafisha. Watu walikuwa wanajirudia."

"Nani anajirudia?"

Akatugeuzia kompyuta. Mashine ikikuta jina moja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, inajua huyo ni mtu yule yule. Inambakiza mara moja, waliosalia inawafuta.

"Muone huyu. Mwezi mmoja, amezaa na kuzaa na kuzaa. Nyabo, hata sungura hawezi!"

Nikaelewa. Sisi ni Wakristo tunaoipenda Biblia, na Biblia haina wanawake wengi wa kuigwa, hivyo binti zetu wanagawana majina machache. Na kule Kabazana, kituo cha mapokezi tulikoandikishwa tulipofika, asiyejua siku yake ya kuzaliwa hupewa tarehe moja Januari, foleni isonge. Ukizifuata kadi zetu, vijiji vizima vya Nakivale vilizaliwa siku ya mwaka mpya.

Nilimweleza kijana. Alisikiliza mpaka mwisho, tena bila kukunja uso.

"Basi wapeni tarehe tofauti. Mashine haina ugomvi na tarehe, haipendi kufanana tu."

"Tarehe zao za kweli hawazijui."

"Mzee, mimi sijasema za kweli."

"Mwalimu, umesikia?" mkunga akasema, akiinuka kutafuta viatu vyake. "Hiyo ni oda."

Tuliporudi, akatundika wodini kalenda ya duka la dawa za ng'ombe. Toka hapo kila mama alizaliwa kwanza yeye, ndipo akazaa.

"Wewe! Ulizaliwa lini?"

"Sijue, sista. Mama alisemaka ilikuwa wakati ya maharage."

"Maharage ni tarehe ngapi?"

"Eh, maharage iko mingi, sista."

"Basi Machi tisa. Sukuma!"

Mwingine, katikati ya uchungu, aliomba apewe Noeli.

"Noeli ameshachukua jirani yako. Kuna fasi Agosti."

"Agosti iko na vumbi, sista!"

"Ndiyo iko wazi. Pumua."

Ule uongo mmoja wa Kabazana tukaubadilisha kwa mwingi wa kwetu, na ripoti ikawa ya kweli. Mchoro wa kijani ukarefuka. Wilaya ikaandika tena: mkunga abaki, na kampuni ya Ruti ipongezwe kwa kuinua huduma za uzazi Nakivale.

Nilimshikia mkunga barua ile aisome, maana mikono yake ilikuwa na damu. Aliisoma yote, hadi kwenye muhuri.

"Kumbe wale wa zulia wanazalisha vizuri," akasema, akarudi wodini.

Mwanamke aliyekuwa mkekani akanivuta suruali, akaniuliza kama ni kweli hapa wanatoa siku za kuzaliwa.

"Tunatoa, mama," nikamwambia. "Ila tarehe moja Januari imekwisha."