Mbuzi Watatu Hadi Waithaka

Niliondoka Babati kwa sababu ya simu moja. Aliyepiga ni Neema, binti wa marehemu kaka yangu, anayeishi Nairobi na mchumba wake Mutiso. Mutiso ni Mkamba. Kwa Wakamba, mwanamke huhesabiwa mke baada ya upande wa mume kupeleka kwao mbuzi watatu, ambao huitwa ntheo. Siku ilikuwa imepangwa. Ndipo maandamano yakaanza Nairobi, risasi zikalia, na kila mtu akasema tuahirishe.

"Shangazi, usiahirishe," Neema aliniambia. "Unamkumbuka Syombua, jirani yangu wa mlango wa pili? Mume wake amepigwa risasi. Waliishi pamoja miaka mitano, lakini ntheo haikupelekwa. Kule mazishini amepewa kiti cha plastiki nyuma kabisa, na wageni. Hata udongo hakuruhusiwa kutupa. Na mimi mimba yangu imeshakuwa kubwa."

Kaka yetu mkubwa, Elias, ndiye aliyepaswa kwenda kupokea. Alikataa. "Kule kunawaka moto. Nitakwenda wakitulia."

"Basi nakwenda mimi," nikamjibu. Nikafunga vitenge viwili na nusu debe la mchele.

Namanga, mpakani, afisa aligeuza pasipoti yangu mara mbili. "Mama, wenzako wanatoka Nairobi, wewe ndiyo unaingia?"

"Nakwenda kupokea mbuzi."

Akacheka, akagonga muhuri. "Haya. Ukirudi unipitishie mguu mmoja."

Tuliingia katikati ya jiji jioni. Nilizoea kusikia kwamba pale mtu hupita kwa kusukumana na wachuuzi. Jioni ile niliona milango ya chuma imeteremshwa nusu, na wenye maduka wakichungulia chini yake. Hewa iliwasha koo. Mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, aliniona nakohoa akanivuta ndani kwa mkono, akanipa maji ninawe macho. "Usisugue," alisema. "Mwagia tu." Nawaelezeni na ninyi msomao: gesi ya machozi ukiisugua, unaizidishia nguvu. Nililala nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na duka lake.

Asubuhi Mutiso alikuja kwa miguu. Kijana mrefu, mwenye haya. "Shikamoo, Shangazi!" alisema kwa sauti kubwa, nikajua Neema amemfundisha. "Pole na safari. Lakini leo hakuna gari hata moja. Itabidi tutembee. Utaweza kweli?"

"Wewe shika mchele. Miguu niachie mimi."

Tukaifuata Barabara ya Ngong. Ilikuwa tupu kiasi kwamba ndege walitembea juu ya lami. Tulipumzika mara nyingi, na kila tulipokaa Mutiso alinitazama kama anayetaka kuomba msamaha kwa niaba ya nchi nzima. Nikamwambia asinitazame hivyo. Niliyeamua kuja ni mimi.

Dagoretti Corner tulimkuta Mzee Kioko, baba mdogo wa Mutiso, aliyetoka Machakos na mbuzi: majike wawili na beberu. Dereva wa pikapu alikuwa amewashusha hapo kwa sababu vijana walikuwa wamefunga njia kwa mawe na matairi. Mzee alikuwa ameshika kamba zote tatu, kofia imemkaa upande, na vijana wamemzunguka.

"Buda, leo tunachoma! Tangu asubuhi hatujakula."

"Hizo mbuzi ziko na ID?"

"Hiyo ya ndevu inakaa kama mbunge wetu. Tuanze na hiyo!"

Niliona mmoja ameshaishika kamba ya beberu. Nikaingia katikati yao. "Wanangu, hamjambo?" Wakanigeukia, nadhani kwa mshangao wa lafudhi yangu. Nikawaeleza taratibu kuhusu Neema, mimba yake, na jirani yake aliyepewa kiti cha nyuma kwenye mazishi ya mumewe.

Aliyeshika kamba akaniuliza, "Huyo jamaa aliitwa Wambua? Fundi wa welding?"

"Ndiye," Mutiso akasema.

Kijana akaiachia kamba. "Tulikuwa na yeye hiyo siku." Akawageukia wenzake. "Wee, songesha hizo mawe! Shosh anapita." Shosh kwao ni bibi. Wakasogeza. Walitusindikiza hadi mwisho wa vizuizi vyao, huku mmoja akipiga kelele, "Mtoto akikuwa boy, mumpatie jina yangu!"

Saa za mchana tulifika Waithaka, anakoishi Neema. Kwenye lango la ploti, ua wa nyumba za kupanga, Mzee Kioko akasimama ghafla.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu, baba," Mutiso akajibu.

"Na ni nani umewahi kusikia akipeleka ntheo kwake mwenyewe?"

Kweli, kwa hofu ya barabara na risasi, hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Nyumba ya Neema ilikuwa nyumba ya Mutiso.

"Sikatai," Mzee akasema. "Lakini hii si ntheo, ni matembezi. Tungoje nchi itulie, tulete mbuzi Babati."

"Mzee, Wambua naye alikuwa anangoja nini?" nikamuuliza.

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. "Walete kwangu," Syombua alisema. "Leo hapa ndiyo kwao Neema."

"Wewe ni ndugu yao?" Mzee akauliza, bila ubaya.

"Nani humkanda mgongo usiku asipolala?"

Nikamshika Syombua mkono. "Mzee Kioko, ndugu za Neema nawataja mimi. Huyu ni mdogo wangu."

Mzee alivua kofia. Akawageuza mbuzi, akarudi nao nje ya lango, akaingia upya kama mtu aliyefika sasa hivi. Akasimama mbele ya mlango wa Syombua.

"Hodi wenyewe!"

Nilitaka ajibu mwenye nyumba.

"Karibuni," Syombua akasema. "Mmeleta nini?"

"Tumeleta mbuzi. Tumekuja kwa mtoto wenu."

Akapokea kamba. Kisha akaleta kiti cha plastiki, akakiweka mbele kabisa, akakikalia mwenyewe. Beberu tulimla jioni ile, na Neema alikula maini akiwa ameegemea bega la Syombua.

Nimerudi Babati salama. Nililojifunza ni dogo, nanyi mnaweza kulitumia: wenye bunduki hufurahi tukiahirisha ndoa zetu, ubatizo wetu, hata kutembeleana. Msiwape furaha hiyo. Nendeni, hata kwa miguu.

Elias ananiuliza lini nitawaleta wale mbuzi majike wawili. Wanafugwa nyuma ya nyumba ya Syombua. Nimemwambia hawaendi popote. Wako kwao Neema.