Maua ya Bi Sabira Yaliyoishi kwa Stima

Niliyaona maua yakifa yote kwa mpigo, na hakuna hata jani moja lililoanguka chini.

Kisha stima ikapotea nyumba nzima, nami nikashukuru.

Ndiyo, nilishukuru. Soma mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Naitwa Kasyoka. Nina diploma ya elektroniki, nina mtoto mmoja anayeitwa Tony, na nina meza ya ufundi kwenye duka la Gaffar, pale Makadara. Maneno matamu sina. Ukiniletea redio iliyokufa, nakwambia imekufa.

Tony naye akiniambia, "Mama, homuweki tayari," nafungua daftari palepale. Nikikuta bado, tunajuana.

Hilo likumbuke.

Bi Sabira anakaa Kibokoni na bintiye, Fiza. Ni Wabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi. Kazi ya Bi Sabira ni kutarizi rida, lile vazi la wanawake wao la rangi, lenye nakshi pembeni. Mashine yake ni ya kompyuta. Unachora ua kwenye kioo, mashine inalishona yenyewe.

Siku moja akanipigia simu.

"Mama Tony, hii mashine imekuwa kama mimi. Nachora leo, kesho yaniuliza, wewe nani?"

Nikaenda, nikaifungua. Chipu inayohifadhi michoro ilikuwa imechoka kabisa. Nikatoa ubao wa zamani unaobeba chipu hiyo, nikaweka mpya. Lakini kadi ya kuhifadhia, niliyokuwa nimeiagiza, ilikuwa haijafika.

Ili niijaribu mashine, nikafanya ujanja ambao mafundi tunaujua.

Kila kompyuta ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ina kasi mno, lakini inashika vitu stima ikiwepo tu. Nikachukua sehemu ya hiyo RAM, nikaigawa vipande sawasawa kama rafu za kabati, nikaiambia mashine: hii ndiyo diski yako. Mashine haina ubishi. Ikaamini, ikaanza kupanga mafaili yake humo.

Kwa kujaribia, hakuna ubaya. Ni kama kushika unga kiganjani huku unatafuta mtungi. Ubaya ni kuondoka na kuuacha unga palepale kiganjani.

Bi Sabira akauliza, "Tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Neno lilinitoka kirahisi tu. Dukani wateja walikuwa wananingoja, na sikutaka kuonekana fundi wa kazi nusunusu.

"Ila usiizime," nikaongeza. "Iache imechomekwa muda wote."

"Kwa nini?"

"Inapenda joto."

Inapenda joto! Mtu mwenye diploma!

Bi Sabira akaipangusa ile mashine kwa kanga, kama anayempangusa mtoto. "Haya. Na ipate joto lake."

Kadi ikafika. Nikaitia kwenye droo ya meza yangu. Kila asubuhi nilisema leo lazima nipite Kibokoni, na kila asubuhi ilikuja simu iliyoanguka chooni, au pasi, au mtu na televisheni yake begani. Kutoka Makadara hadi Kibokoni ni mwendo wa kutembea tu. Sikuwa na kisingizio.

Nami sikujua kinachoendelea kule.

Fiza alikuwa amechumbiwa. Mamake akaamua kumchorea rida ya arusi kwa maua ambayo bibi yake Fiza alikuwa akiyashona kwa mkono. Kitambaa cha mwisho cha yule bibi kiliharibiwa na mende zamani. Yale maua yalibaki kichwani mwa Bi Sabira peke yake. Hata lile jani moja lililokunjwa vibaya, ambalo bibi alilikosea akaona heri aliache.

Na Bi Sabira alikuwa haoni vizuri. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji upesi, ugonjwa umekomaa, akizidi kungoja atajuta. Yeye akasema, "Rida iishe kwanza." Akawa anachora akiwa ameinamia kioo mpaka pua inakigusa.

Kazi yote hiyo ilikaa kwenye kiganja changu.

Siku moja Gaffar akasoma ujumbe wa simu kwa sauti, kama kawaida yake. "Watu wa Kibokoni, kesho hamna stima tangu asubuhi. Matengenezo."

Bisibisi ikaniponyoka.

"Kwani wewe wahamia Kibokoni?" Gaffar akanicheka.

Nikaitoa kadi kwenye droo, nikaitia mkobani.

Asubuhi nikapanda tuktuk na kadi yangu na kompyuta yangu. Ningeweza kubeba pia betri kubwa ya akiba. Sikuibeba, kwa sababu ukibeba betri kubwa utaulizwa ya nini.

Fiza alinifungulia mlango. Bi Sabira alikuwa mbele ya mashine, uso umezama.

"Mama Tony! Waja bila kuitwa? Leo jua limetoka wapi?"

"Nimekuja kuyahamisha maua yako, Bi. Nataka kuyaweka kwenye kadi kabla stima haijakatwa."

"Kwani stima ikikatwa?"

Nikafungua mkoba. "Yanaweza kupotea."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli wote. Nilisema robo.

Fiza alinitazama mimi, akamtazama mamake, kisha akasema, "Naenda kutazama maziwa jikoni." Akatoka.

"Njoo uone kwanza," Bi Sabira akanivuta mkono. "Nimemaliza jana. Moja nimelijaribu kwenye kitambaa hiki. Hili jani, umeliona? Limekunjika. Mamangu alikuwa na haraka siku ile, ubwabwa waungua. Basi hilo kosa ndilo ua lenyewe."

Niliyaona. Yalikuwa mazuri mpaka nikaona haya.

Nikachomeka kadi. Nikaunganisha kompyuta yangu. Amri ya kunakili ni fupi: unaandika chanzo, kisha unaandika mahali pa kupeleka. Vidole vyangu vilikuwa na pupa. Bi Sabira anaongea, nami naitikia, "Ee, Bi, ee," huku naandika.

Niliandika kinyume.

Sikuyatoa maua kwenye RAM kuyapeleka kwenye kadi. Niliutoa utupu wa kadi nikaumwaga juu ya maua. Rafu zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, bila kelele.

Kioo cha mashine kikaandika: hakuna mchoro.

Nilikaa nikikitazama. Bi Sabira hakuweza kusoma herufi ndogo zile. Alikuwa bado anasimulia habari za ubwabwa wa mamake.

Ndipo stima ikapotea.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kioo kikawa cheusi.

"Lo! Watu wa stima hawa!" Bi Sabira akashika kifua. "Mama Tony, uliwahi?"

Kwa jirani, blenda ya sharubati ilikuwa bado inanguruma. Niliisikia. Mimi, fundi wa elektroniki, niliisikia na sikujiuliza kitu. Ukijua una hatia, masikio hayafanyi kazi.

"Stima imetuwahi, Bi," nikasema.

Hakulia. Aliweka mikono mapajani, akaita, "Fiza! Lete chai. Mama Tony ameacha kazi yake kwa ajili yetu."

Fiza akaleta chai na sambusa. Chai ikamwagika kwenye sinia, asiipanguse. Nikadhani anaililia rida yake.

Nilikula sambusa zile. Sijawahi kula kitu kigumu kama kile.

Siku zilizofuata Bi Sabira hakunipa nafasi ya kusahau. Aliwatumia wanawake wenzake ujumbe wa sauti kwenye simu, akaitukana stima na ukoo wa stima. Kila ujumbe ulimalizika hivi: "Na Mama Tony alikuwapo, ni shahidi yangu."

Shahidi!

Jioni moja Tony akaniambia homuweki tayari. Nikafungua daftari, nikakuta bado. Nikainua mkono nimzabe kofi.

Mkono ukabaki juu. Nikaushusha.

"Mama, waumwa?" akaniuliza.

"Maliza homuweki yako."

Kisha Bi Sabira akanipigia. "Kesho twaenda ofisi ya stima. Wewe, mimi na Fiza. Watasema mbele yangu nani atanilipa maua ya mamangu."

Nilitaka kusema nina kazi. Nikaenda.

Kwenye kaunta alikuwa kijana mmoja mpole, Levi, shati limepigwa pasi vizuri. Bi Sabira alimwanzia juu kwa juu.

"Wewe waona haya macho yangu? Waona? Macho haya yamechora maua kwa ajili ya binti yangu, nanyi mmeyaua kwa kidole kimoja! Mama Tony, sema!"

Nikasema, "Ni kweli maua yamepotea." Tena robo.

Levi akabofya kompyuta yake. "Pole sana, mama. Ilikuwa siku gani?"

Bi Sabira akamtajia.

Levi akakunja uso. "Siku hiyo Kibokoni hatukukata, mama. Kazi iliahirishwa. Tulituma ujumbe mwingine."

"Mwanangu, stima yangu ilizimika mimi nimekaa!"

"Kwa jirani je?"

Blenda ikanguruma kichwani mwangu.

"Basi ilizimwa na nani?" Bi Sabira akauliza. "Na jini?"

"Na mimi," Fiza akasema.

Alisema polepole, lakini tulisikia sote.

"Ni mimi, Mama. Niliteremsha swichi kubwa ya nyumba, ile ya ukumbini. Anti hapa alisema stima ikikatwa maua yatapotea. Nikasema, yakipotea, huna tena la kungojea. Utakwenda kwa daktari." Akaanza kulia, kamasi na machozi. "Sikutaka rida, Mama. Nilitaka unione siku ya arusi. Nimeyaua maua ya bibi. Hata usingizi siupati."

Bi Sabira akashika ukingo wa kaunta.

Nami nitakwambia kilichopita moyoni mwangu, kwa sababu nimeamua kusema yote. Kilipita hivi: Kasyoka, umepona. Amejitokeza mwenyewe. Nyamaza, urudi Makadara.

Mlango ulikuwa wazi. Kilichobaki ni kufunga mdomo tu.

Nikamtazama yule msichana. Siku zote zile nilijua uwongo wangu nimeutwika stima, na stima haina shingo. Kumbe ulikuwa umekaa kwenye shingo ya mtoto wa watu.

"Fiza, nyamaza," nikasema. "Si wewe."

"Ni mimi, anti, niliteremsha..."

"Uliteremsha, ndiyo. Lakini uliizima mashine tupu. Maua nilikuwa nimeshayafuta mimi. Niliandika amri kinyume. Na hata kabla ya hapo, Bi, tangu mwanzo maua yako hayakuwa pahali salama. Niliyashikiza kwenye kumbukumbu inayoishi kwa stima. Ndiyo maana nilikwambia usiizime. Mambo ya joto nilikudanganya. Kadi ilikuwa kwenye droo yangu muda wote."

Nyuma yetu kwenye foleni mzee mmoja akakohoa. "Mama, kesi ya nyumbani ikiisha, sisi twataka tokeni za stima."

Bi Sabira akajifuta uso kwa ncha ya rida yake. Kisha akamgeukia Levi, si mimi.

"Baba, nisamehe. Nilikuja kuishtaki stima. Kumbe stima yangu ni hawa wawili."

Nje, Fiza alipokwenda kutafuta tuktuk, ndipo aliponigeukia.

"Mkono kuteleza, huteleza, Mama Tony. Hata wa mamangu uliteleza, tukapata jani. Lakini uliniacha niwatukane watu. Ukanywa chai yangu, ukaniangalia, ukajua siwezi kusoma kioo."

Yote aliyosema yalikuwa kweli.

Alifanyiwa upasuaji mwezi uleule. Anaona. Siku ya arusi alimwona Fiza kutoka mwisho wa ukumbi. Rida ilikuwa na nakshi ya dukani, na ndani, upande wa moyo, Fiza alikishona kwa mkono kile kitambaa cha majaribio. Ua moja, lenye jani lililokunjwa. Ndilo pekee lililobaki duniani.

Nilimwomba Bi Sabira ayachore tena. Nikamwahidi kadi mbili, betri, na chochote atakacho.

Akanitazama kwa yale macho mapya. "Nilipokuwa sioni, mkono ulikumbuka. Sasa macho yaona, mkono umesahau. Wacha."

Hilo ndilo ninalolala nalo. Sikudanganyi, halijapungua uzito.

Juzi alileta mashine dukani, ubao ulikuwa na tatizo jingine. Gaffar akanong'ona, "Amerudi kwako? Ama kweli." Niliifungua, nikafanya kazi mpaka mchana. Bi Sabira alikaa kwenye kiti akinitazama mikono.

Akauliza, "Tayari?"

Wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Karibu sana.

"Bado," nikasema.

Akanitabasamia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kaunta.

"Alhamdulillahi. Sasa nikiambiwa tayari, nitaamini."

Fundi mwenzangu, mzazi mwenzangu, usimwambie mtu kitu chake kiko kabatini na bado kiko mkononi mwako. Sema "bado". Utaona haya kidogo, mteja atanuna kidogo, basi. Mimi niliogopa aibu hiyo ndogo, na msichana mmoja akakosa usingizi kwa kosa ambalo hakulifanya.