Soda ya jirani

Jumapili nilitoka misa nikatenda dhambi kabla ya saa sita. Katika buvette moja, baa ndogo ya mtaa wa Mutanga Nord, wazee wawili, majirani wa kabla ya vita, walikuwa wanabishana. Mmoja alisema wanajeshi walimuua mwanawe. Mwingine alisema waasi walimuua dada yake, na wanajeshi ndio waliomwokoa yeye mwenyewe.

Yule wa kwanza akaagiza soda, akamsogezea mwenzake.

"Muzee, usinywe!" akapiga kelele jamaa wa meza yetu. "Bale watu wa kabila yake wanatia sumu!"

Tukacheka. Mimi pia, tena kwa nguvu.

Mnunuzi hakututazama. Akachukua chupa, akanywa yeye kwanza, kama desturi yetu inavyotaka ili kuonyesha kinywaji hakina sumu, akairudisha.

"Kunywa, ndugu. Mi sikubali maneno yako, lakini haukumaliza ya dada yako."

"Na we utanieleza ya mutoto?"

"Nitakueleza yote."

Waliozika walikuwa wanasikilizana. Sisi ambao hatukuzika mtu ndio tuliochochea, kwa midomo iliyotoka kupokea Komunyo! Ni aibu gani hii?

Msomaji, tafadhali, ukikuta wawili kama hao, nyamaza. Waache wamalize.