Klarineti Iliyoachwa Juu ya Kabati

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na minane, ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa na shida tu, shida za mwanamke anayeuza samaki wakavu Bukavu, shule kaiacha darasa la tatu. Hizo siziiti taabu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa uani na bendi yake. Watu kumi na wawili: tarumbeta, saksafoni, tromboni, ngoma, na yeye mbele na klarineti. Walipiga jazi ya bendi kubwa, ile ya kuchezwa kwa suti na viatu vilivyopigwa kiwi. Ujanani mwao walirekodi santuri tano. Katika bendi ile hakuna aliyesoma nota. Mtu mpya akija, Baba Neema alimkalisha mbele ya gramafoni na kumwambia, "Sikiliza tarumbeta ya pili tu. Wengine waache wapite." Alirudia mpaka ikamkaa mtu kichwani. Santuri zile ndizo zilikuwa mwalimu wao.

Mimi nilikuwa pembeni naanika samaki.

"Shemeji," Zakayo wa tromboni akaniambia, "samaki wako wananuka mpaka tromboni yangu inapiga chafya."

"Ilikuwa inapiga chafya kabla hawajavuliwa," nikamjibu. Baba Neema ndiye aliyecheka kuwashinda wote.

Mchana risasi zikaanza upande wa mpaka wa Rwanda. Tulishazoea kuzisikia, lakini safari hii hazikunyamaza. Wanamuziki wakakimbilia kwao. Mimi nikafunga unga, sufuria na nguo za Neema, binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa. Baba Neema akazifunga santuri ndani ya blanketi. Klarineti akaiweka juu ya kabati.

"Na hiyo?" nikamuuliza.

"Bomba jeusi namna hii? Wakiliona kwa mbali watasema bunduki. Klarineti hununuliwa, Mama Neema. Santuri zikipotea nitawafundisha watu kwa kitu gani?"

"Ifungue vipande. Tuizike ndani ya unga, nani atajua?"

Akanitazama kama nimemwambia tumkaange mtoto. "Unga utaingia kwenye vifuniko. Haitalia tena."

Nikaubeba unga kichwani, maana yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo. Tukatoka.

Njia ya milimani ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi, wagonjwa waliobebwa mgongoni. Kwenye kona moja wenye bunduki walikuwa wameweka gogo. Walikuwa wa nani sikujua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Wanawake tulipitishwa kulia. Wanaume walivuliwa mashati. Walitazamwa mabega, kama mkanda wa bunduki umeacha alama, kisha mikono.

Mabega ya Baba Neema yalikuwa safi.

Mkubwa wao akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza. Kwenye kidole gumba kulikuwa na sugu, nene, ya miaka mingi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya klarineti, mkuu. Ni filimbi. Uzito wake wote unakaa hapo."

"Iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Baba Neema akafungua blanketi, akatoa santuri moja. Aliishika kwa ncha za vidole, kama alivyozoea. "Mkuu, anayepiga humu ndani ni mimi."

"Basi ipige."

Gramafoni ilikuwa mjini. Wenzake wenye bunduki wakacheka.

Baba Neema akaweka vidole hewani, akapiga mluzi. Ulikuwa mwanzo wa wimbo wa bendi yao waliozoea kuupiga harusini. Hakukosea hata sauti moja.

"Hata mimi mluzi naujua," mkubwa akasema.

Wakampeleka nyuma ya migomba pamoja na wanaume wengine wawili.

Nilimziba Neema masikio. Yangu yalibaki wazi.

Yule mkubwa aliporudi alikuwa bado ameshika santuri. Akanipa. "Chukua sahani yako, mama. Endelea na safari."

Nikaipokea, nikaokota na blanketi lenye zile nne. Nikaendelea na safari.

Hapa Toronto, Kanada, tulikofikia ukimbizini mimi na Neema, wamenijia wengi kwa ajili ya santuri hizo. Mmoja alitoka chuo kikuu, kijana mpole, akazisikiliza hadi akatokwa na machozi, kisha akasema tumshukuru Mungu zimesalimika. Nikamwambia asimshukuru Mungu kwa ajili ya plastiki akiwa amekaa kwenye sofa yangu. Neema mwenyewe ananiambia, kwa Kiingereza chake, kwamba baba yake alichagua vizuri, kwamba sasa anaishi ndani ya muziki. Ndani ya muziki hakuna mtu anayeishi, mwanangu. Mtu huishi nyumbani kwake, anakula, anakoroma.

Wale watu nawachukia, na padri asinifundishe. Ila hasira yangu kwa Baba Neema ni nyingine, na ndiyo inayoniamsha. Watu hawapendi mjane aseme hivyo. Alikataa kuitia klarineti ungani ili isiharibike sauti. Nimelipima jambo hili miaka yote nikisukuma ufagio: labda angekuwa nayo wangeipokonya na kumuua vilevile. Labda. Lakini mtu anayeweza kupiga vile mbele ya watu wenye bunduki alistahili kupewa nafasi ya kupiga. Nafasi hiyo alijinyima mwenyewe, kwa kuionea huruma mbao.

Leo nina nyumba Malton, kando ya Toronto, kwa jina langu. Nina kampuni ya usafi inayofagia maghala ya uwanja wa ndege, wafanyakazi kumi na mmoja, na magari mawili. Nina binti, na wajukuu wawili wanaonielewa lakini hawanijibu kwa lugha yangu. Nina santuri tano zisizo na mkwaruzo. Kaburi la kwenda kupalilia sina.